Mabinti, kukimbia au kunyanyua vyuma? Mimi nasema vyote!

Natumaini msuli unaendelea. Kwa ndugu zangu mnaosoma hapa lakini hamkupita Mlimani, "kupiga msuli" kwetu ni kukesha na madesa mpaka macho yawe mekundu. Leo lakini naomba niongelee msuli wenyewe hasa, huu ulioumbiwa mwilini, maana naona tunausahau kabisa.

Toka muhula huu uanze haziishi siku tatu bila mtu kuniuliza maswali ya mazoezi. Wavulana wananiuliza, "Hivi wewe dada unataka kuwa baunsa?" Mabinti wenzangu wao wananivuta pembeni, "Shoga, nikimbie au ninyanyue vyuma? Nataka kitambi kiishe lakini nisiwe na mabega kama kaka yako." Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye foleni ya kafteria, chipsi zinapoa! Basi leo najibu wote kwa mpigo.

Nianze na hilo la ubaunsa. Jimu ninayokwenda ni ya mtaani, paa la bati, vyuma vyenyewe ni bomba lenye makopo ya saruji huku na huku. Siku ya kwanza naingia, jamaa anayeisimamia akanionyesha kamba ya kurukia ukutani, "Dada, mazoezi ya wanawake yale pale." Nikamwambia asante kaka, kamba nitairuka, ila kwanza naomba na lile kopo. Akacheka, wenzake wakacheka. Nikaendelea na kazi yangu. Siku hizi wananisalimia kwa heshima kabisa, na mmoja kashaniomba nimletee dada yake.

Ukweli ni kwamba mwanamke hawi baunsa kwa bahati mbaya. Homoni inayojenga misuli mikubwa ya kiume inaitwa testosteroni, na mwanaume mzima anayo zaidi ya mara kumi ya aliyonayo mwanamke. Wale akina dada mnaowaona kwenye picha wamevimba mikono wamefanya kazi hiyo miaka na miaka, wamekula kwa mizani, na wengine wamejichoma na madawa. Wewe wa siku mbili kwa wiki utapata mwili uliokaza na nguvu za kubeba begi lako, basi. Halafu jamani, toka lini mwanamke wa Kiafrika hanyanyui vitu vizito? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado uzito wa ndoo yenyewe. Bibi zetu wameibeba kichwani kilima kwa kilima, mtoto mgongoni, na hakuna aliyewaambia watakuwa mabaunsa. Ila ukishika chuma cha kilo 20 jimu, hapo ndipo inakuwa kazi ya wanaume! Hata Olimpiki ilichelewa kulielewa hilo. Wanawake waliruhusiwa kunyanyua vyuma kule Sydney mwaka 2000, wakati marathoni tu waliipata Los Angeles mwaka 1984. Kila mlango tunafunguliwa kwa kuchelewa, na kila tukiingia hakuna kinachoharibika.

Mama yangu naye aliposikia alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye hoja moja kwa moja, "Mwanangu, hivyo vyuma havitakuharibu kizazi?" Sikumcheka, maana hilo alilisikia kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nikamwambia, "Mama, wewe ulibeba maji na kuni toka msichana, na watoto wanne tupo." Kimya kidogo. Halafu akasema, "Haya, ila usile chips kila siku." Ndivyo mama anavyokubali kushindwa hoja, anahamia nyingine.

Lakini kuna jambo ambalo mama na mimi tunalijua bila kuongea, nalo ndilo lililonipeleka kwenye vyuma. Mwaka 2021 bibi aliteleza uani, mahali pa kawaida tu, akavunjika nyonga. Bibi huyu alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kwenda shamba peke yake. Toka siku ile anatembea na fimbo kutoka kitandani mpaka kibarazani, na shamba analiangalia kwa mbali. Kinachomuuma, anatuambia, si nyonga tena. Kinachomuuma ni kuomba mtu amsaidie kwenda chooni.

Nikaanza kusoma kuhusu mifupa. Wadau, sikilizeni hili. Mfupa ni kama akaunti ya benki. Unaweka akiba ujanani, na kufikia miaka ya mwisho ya ishirini au thelathini hivi, akiba inafika kilele. Baada ya hapo ni kutoa kidogo kidogo, na mwanamke akikoma hedhi anatoa kwa kasi zaidi kwa sababu estrojeni iliyokuwa inalinda mfupa inashuka. Misuli nayo inaanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 kama huitumii. Sasa hesabu mwenyewe, sisi wa miaka 21, 22, 23 tupo wapi? Tupo dirishani kabisa, tunaweka akiba! Na mfupa unaongezeka uimara ukibebeshwa mzigo. Misuli inavuta mfupa, mfupa unapata ujumbe kwamba kuna kazi, unajijenga. Kukimbia na kuruka kamba kunasaidia pia maana mguu unagonga chini, lakini kwa mgongo, mabega na mikono kukimbia peke yake hakutoshi. Ndiyo maana nanyanyua. Sinyanyui kwa ajili ya picha za mahafali, nanyanyua kwa ajili ya yule bibi nitakayekuwa.

Haya, wapenzi wa vyuma msianze kushangilia. Kukimbia nako hakuna mbadala wake rahisi. Moyo ni msuli, na mazoezi ya pumzi ndiyo msuli wake huo. Mama ana presha, shangazi ana sukari, na najua kwenye familia zenu mambo ni hayo hayo. Kutembea haraka, kukimbia, kuogelea, kucheza muziki mpaka jasho litoke, vyote vinaufanya moyo usukume damu nyingi kwa mapigo machache na vinasaidia kushusha presha. Msuli unaofanya kazi nao unachota sukari kwenye damu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, NA siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nimeandika hiyo "na" kwa herufi kubwa makusudi. Si "au", ni "na".

Na wa kwetu wapo wa kutupa moyo. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu kwenye Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mtanzania mwenzetu! Mimi kwa muda huo nakuwa bado naitafuta kilomita ya kumi na tano.

Sasa nije kwenye sehemu nzito kidogo. Rumu-meti wangu (kaniruhusu niandike, jina nalificha) muhula uliopita aliamua kupunguza mwili. Kila asubuhi saa kumi na moja anakimbia, jioni tena anakimbia, na mlo ni mmoja, saa nane mchana. Kilo zilishuka kweli, na kila mtu akawa anamsifia, "umependeza, umekuwa portable!" Mwezi wa pili siku zake hazikuja. Wa tatu hazikuja. Yeye akafurahi, eti "bora, pedi zenyewe bei ghali." Usiku nilikuwa namsikia anajifunika mashuka mawili Dar es Salaam hii, mwezi wa kumi na mbili, joto hili! Nikamwambia ndugu yangu, mwili unaosikia baridi Desemba ya Dar hauko sawa, twende tukaonane na daktari.

Tulikwenda wote. Mimba haikuwepo, wala ugonjwa wa ajabu. Daktari, mama wa makamo, alimuuliza swali moja tu, "Unakula nini?" Alipomaliza kuelezea daktari akavua miwani. Akatuelewesha kwamba mwili ukipewa kazi nyingi na chakula kidogo unaanza kuzima taa za vyumba usivyovihitaji leo, na chumba cha uzazi ni cha kwanza. Taa hiyo ikizimwa estrojeni inashuka, na estrojeni ikishuka mfupa unalika. Yaani binti wa miaka 22 anatoa akiba ya benki wakati wa kuweka! Kwa wanamichezo hali hii inajulikana kabisa, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko mwaka 2014. Kwa hiyo mabinti, hedhi ikikata miezi mitatu msishangilie, nendeni hospitali. Si zawadi, ni king'ora.

Rumu-meti alipunguza mbio zikawa tatu kwa wiki, akaanza kula asubuhi na usiku, na siku mbili tunakwenda wote kwenye makopo ya saruji. Alilia kilo mbili ziliporudi, sitawaficha. Nilikaa naye kitandani, sikumwambia "usilie", nilimwambia tu hizo kilo ndizo zinazowasha taa. Mwezi wa tano akanigongea mlango wa bafuni anacheka, "Una pedi?" Sijawahi kutoa pedi kwa furaha namna ile.

Tuje sasa kwenye kupanga. Je, ukichanganya vyote si vinaharibiana? Swali zuri. Mwaka 1980 mtafiti mmoja Mmarekani, Robert Hickson, aligawa watu makundi matatu kwa wiki 10. Kundi moja vyuma tu, jingine pumzi tu, la tatu vyote viwili kwa dozi kamili, karibu kila siku. Kundi la tatu pumzi iliongezeka vizuri, lakini nguvu zilipanda mpaka kama wiki ya saba, zikasimama, halafu zikaanza kushuka. Ndipo watu wakaanza kusema "kukimbia kunaua misuli". Lakini angalieni ile dozi! Sisi wa mara mbili tatu kwa wiki hatufiki huko. Cha kufanya ni kuvipa nafasi. Ukiweza viweke siku tofauti. Ikibidi siku moja, anza na kile unachokitaka zaidi. Unataka nguvu, vyuma kwanza ukiwa na nguvu mpya. Unajiandaa na mbio, kukimbia kwanza.

Ratiba yangu hii hapa. Jumatatu na Alhamisi vyuma, dakika 40. Jumanne na Ijumaa kukimbia au kutembea haraka, dakika 30. Jumamosi mbio ndefu ya polepole, saa nzima. Jumatano natembea tu dakika 30 hivi, na vilima vyetu hivi wenyewe mnavijua. Hapo 150 zimetimia. Jumapili napumzika, maana msuli unajengwa ukiwa umelala, si ukiwa unanyanyua. Kipimo cha wastani ni hiki: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. (Ule mchakamchaka wa shule tulikuwa tunakimbia na kuimba, kwa hiyo ama tulikuwa tunakwenda polepole sana au tulikuwa na mapafu ya chuma!)

Huna hela ya jimu, bumu halijatoka? Chukua vidumu viwili vya lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unapima mwenyewe bila mizani. Chuchumaa na kusimama navyo mara 8 mpaka 12, pumzika, rudia mara tatu. Nyanyua ndoo kutoka sakafuni magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka. Piga pushapu, ukishindwa anza kwa kusukuma ukuta. Panda ngazi za hosteli na begi la madesa. Ikiwa rahisi ongeza maji kidogo, hiyo ndiyo siri yote. Na kitambi hakiondoki kwa kukunja tumbo mara mia, mwili hauchagui mafuta kwa kuambiwa.

Chakula jamani, kuleni! Maharage, dagaa, mayai (yai moja lina kama gramu 6 za protini), karanga, mboga za majani. Tunapoteza damu kila mwezi, ndiyo maana viwango vya Marekani vinampa mwanamke wa umri wetu miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku na mwanaume 8. Chai ya rangi msinywe pamoja na chakula, inazuia hayo madini yasiingie. Kateni chungwa badala yake, lenyewe linasaidia.

Mama juzi kanipigia tena. Eti siku hizi akisubiri maji ya ugali yachemke anakaa na kusimama kwenye kigoda mara kumi, bila kushika kitu. "Magoti yanapiga kelele, lakini nasimama." Nikamwambia aongeze mbili wiki ijayo.

Haya wadau, nawahi kipindi Yombo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa chini ya hosteli na vidumu vyangu. Anayekuja aje na maji yake. Alamsiki!