Kichwa Kinagonga, Mdomo Unasema 'Niko Fiti!'

Mimi ni mtoto wa Mwandoya, kule Meatu, mkoa wa Simiyu. Kwetu ni tambarare, pamba na ng'ombe, na mtu akikwambia kisima kiko "hapo tu", ujue jua litakuchwea njiani. Nimechunga tangu sijang'oka meno ya utoto. Kwa hiyo Septemba 2018 nilipopata kibarua cha kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro, nilicheka. Kutembea? Mimi?

Ila pesa nilikuwa naitaka kwelikweli. Mzee wangu alikuwa ameuza maksai mmoja kati ya wawili ili nisome chuo pale Moshi. Plau haivutwi na maksai mmoja, na pamba hupandwa Novemba. Nilishaapa kumrudishia ng'ombe wake kabla ya mvua. Safari hiyo ya siku saba ndiyo ingemalizia hesabu.

Geti la Machame mizigo ikapandishwa kwenye mizani. Sheria ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi, haizidi. Wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Nikaweka ngata kichwani, kifuko cha michembe ya mama kiunoni, huyooo! Siku ya kwanza ni msitu na utelezi, unatoka kama mita 1,800 mpaka karibu 3,000. Wazungu wanapanda taratibu kama maharusi, mimi nafyatuka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Mgumu mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kibosho, akanitazama weee.

"Msukuma, mlima haukimbizwi."

Nikamwona ana wivu wa uzee.

Siku ya pili jioni, kambi ya Shira, kichwa kikaanza kugonga kama kinu cha mtama. Kiongozi wa msafara akapita kuuliza hali zetu.

"Niko fiti, bosi!"

Usinishangae. Nilishasikia kwamba ukirudishwa unalipwa siku ulizofanya kazi tu. Kila nikifikiria kushuka, namwona yule maksai anaondoka zake.

Kesho yake tulipanda halafu tukateremka kulala Barranco, kichwa kikapoa. Nikajua nimeshinda. Ule ukuta wa Barranco unaupanda kwa mikono, begi la mtu liko kichwani, na chini kuna korongo. Nikaumaliza napiga mluzi. Tukalala Karanga. Hapo ndipo penye maji ya mwisho, kwa hiyo siku ya tano, juu ya mzigo wa kawaida, kuna madumu ya kupandisha Barafu. Njia kavu, upepo wa kukata masikio, na kichwa kimerudi na ndugu zake wote.

Barafu ni zaidi ya mita 4,600. Wagumu kwa kawaida hawaendi kileleni. Wageni huamka usiku wa manane kwenda Uhuru, mita 5,895, sisi tunabaki kulinda mahema. Yaani nilikuwa nimebakiza kulala tu! Lakini chakula kikanishinda, michembe nikaitapika (mama, nisamehe), na nilipotoka nje nikawa napepesuka kama nimetoka kilabuni.

Yule mzee wa Kibosho akalaza fimbo yake chini.

"Pita hapa. Kisigino kiguse kidole."

Hatua ya tatu nikakaa chini kama mzigo.

Nikamshika mkono. "Baba, usinisemee." Nikamweleza yote, maksai, plau, Novemba. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole.

"Nimewahi kumshusha mmoja amefungwa kwenye turubai," akasema. "Sitashusha wa pili." Akaenda moja kwa moja kwenye hema la kiongozi.

Nilimchukia mzee yule, sikufichi. Wakanishusha usiku uleule kwa njia ya Mweka, msaidizi wa kiongozi amenishika kwapani, tochi moja. Ndiye aliyenieleza njiani: ukipanda haraka kuliko mwili unavyozoea, ubongo unaweza kuvimba, na mtu akishaanza kupepesuka vile dawa ya kwanza ni kushuka, tena upesi. Ukichelewa, unakufa. Misuli ya kuchunga haisaidii kitu. Tulipofika kama mita 3,800 nikaomba chai. Nikanywa vikombe vitatu.

Nililipwa siku tano. Maksai hakununulika. Nikakaa siku mbili naizunguka simu, mwisho nikampigia mzee, nikamwambia ukweli wote, hata wa kutapika. Akanyamaza sana mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema ameshaelewana na jirani, wataunganisha maksai wao, wataanza shamba la jirani halafu letu.

"Hivi huko juu kuna majani?" akauliza.

"Hakuna, baba. Mawe matupu."

"Sasa ulikuwa unakimbilia nini?"