Chuma Hakijitunzi

Kila wiki huja mtu gerejini kwangu, hapa Arusha, akiwa ameshachagua gari. Ameona Land Rover 110 ya miaka ya tisini inauzwa Karatu, au Land Cruiser iliyochoka kwenye utalii na mwenyewe anaitoa ili apate nyingine. Anachotaka kwangu ni neno moja tu, kwamba gari ni imara, akalipe. Neno hilo sina. Nina maswali: limeishi wapi, lilibeba nini, na nani alikuwa akilishikia spana. Wengine huona ninawazungusha. Lakini nimezeekea chini ya magari haya, na sijapata njia nyingine ya kumjibu mtu ukweli.

Sifa za magari hayo mawili zimechanganywa. Watu husema Land Rover haifi na Land Cruiser haiharibiki, wakadhani wamesema jambo moja. Kuna gari linalochelewa kuharibika, na kuna gari linalokubali kutengenezwa pale pale lilipoharibikia. Land Cruiser ilipata jina kwa la kwanza, Land Rover kwa la pili. Anayenunua moja akitegemea sifa ya nyingine ataumia, na pesa yake itaishia dukani kwa muuza spea.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia jeep iliyobaki kutoka vitani kwenye shamba lake huko Anglesey, akaona Waingereza nao watengeneze gari la mkulima. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma kilitolewa kwa mgao, ndipo bodi ikafanywa ya aluminiamu na kukalishwa juu ya chesisi ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Kwa kuwa lilikuwa la mkulima, kila kitu kilifungwa kwa bolti ambayo mtu anaweza kuifikia. Mlango unatoka, madigadi yanatoka, sakafu inatoka, giaboksi unaliona. Ndivyo lilivyotufikia huku, likawa gari la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la misheni na la askari wa wanyamapori. Kenya waliziunganisha wenyewe Thika. Mpaka leo, siku za mnada huko Simanjiro, Longido na Loliondo, utazikuta 109 na 110 zenye umri mkubwa kuliko madereva wake, zimejaa watu, mbuzi na magunia ya unga.

Sasa itazame hiyo 109 inapoharibika, maana hapo ndipo sifa yake ilipozaliwa. Imepakiwa kupita kiasi, dereva ameachia klachi kwa pupa akipanda kingo za korongo, na hafshafti ya nyuma, ile shafti inayozungusha gurudumu, imekatika. Si ajabu. Hafshafti za Land Rover za zamani zilikuwa dhaifu kuliko kazi tulizozipa. Unasikia mlio mmoja mkavu, injini inalia, gari halisogei. Dereva anayelijua gari lake hatafuti simu. Anakandamiza kile kirungu cha njano kando ya gia, nguvu inakwenda magurudumu ya mbele, gari linajivuta mpaka pakavu. (Kama gari lina habu za kufunga kwa mkono, azifunge kwanza, la sivyo atakandamiza mpaka jua lizame.) Hapo anafungua bolti za flanji katikati ya gurudumu na kuichomoa hafshafti bila kupiga jeki wala kuvua tairi, kwa sababu uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli, si na hafshafti. Kipande kilichobakia ndani ya difu ndicho chenye kazi: kinavuliwa kwa kitanzi cha waya, taratibu, mkono mmoja ukishika tochi. Akiwa na hafshafti ya akiba chini ya kiti, anairudisha na safari inaendelea. Akiwa hana, anarudisha flanji ili mchanga usiingie, anaondoka kwa magurudumu ya mbele mpaka nyumbani.

Abiria waliokaa kwenye kivuli cha mgunga wakiangalia kazi hiyo watasimulia maisha yao yote kwamba Land Rover haifi. Lakini gari lile lilikufa. Lilifufuliwa na mtu aliyejua kirungu cha njano kinafanya nini, na aliyebeba hafshafti ya akiba.

Zilipokuja 110, mwaka 1983, mambo yalibadilika. Hizi zinavuta magurudumu yote manne wakati wote, zina difu katikati, na hafshafti moja ikikatika nguvu yote inakimbilia upande uliokatika. Nimepigiwa simu za namna hii mara nyingi.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Gia inaingia, injini inalia, gari haliendi. Nina wageni sita huku Ndutu.”

“Umefunga difu loki?”

Kimya.

“Ile fimbo fupi, ivute kushoto. Kisha weka gia, ondoka polepole.”

Baada ya muda nasikia injini inabeba mzigo, na wageni wanapiga makofi. Kijana yule ni dereva mzuri, anajua ndege kwa majina yao ya Kilatini. Hakuna aliyewahi kumfundisha fimbo ile.

Land Cruiser ina historia yake. Mwaka 1951 Toyota ilipandisha jeep yake ya BJ kwenye Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Mwaka 1954 ikapewa jina la Land Cruiser na Hanji Umehara, mkurugenzi wa ufundi, aliyetaka jina lisilopungukiwa heshima mbele ya Land Rover ya Waingereza. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, mkandarasi Leslie Thiess akaziingiza Australia kwenye mradi wa umeme wa maji wa Snowy Mountains, na huko ndiko jina lilikoanza kupanda. Sisi huku tulizijua vizuri zaidi kupitia injini moja, 1HZ, iliyotoka mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, dizeli, bila tabo, bila kompyuta. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada waliisambaza Afrika nzima.

Nikiulizwa kwa nini 1HZ inadumu, huwa nafanya hesabu ndogo. Lita 4.2 zile zinatoa nguvu farasi zisizozidi 135 hivi. Injini ya 300Tdi iliyofungwa kwenye Defender, jina la baadaye la 110 hizo, kuanzia mwaka 1994 ina lita 2.5 tu, nayo inatoa 111 kwa msaada wa tabo. Maana yake injini ya Mjapani haibanwi. Kila pistoni inafanya kazi ndogo kuliko uwezo wake, asubuhi mpaka jioni, miaka na miaka. Ile ya Mwingereza ni injini nzuri, inakula mafuta kidogo, naipenda mpaka leo, lakini kazi yake iko karibu na kikomo chake. Ikikosa maji kwa dakika chache kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu, silinda hedi yake ya aluminiamu inapinda. Tofauti ya sifa zao, kwa sehemu kubwa, iko kwenye hesabu hiyo.

Kuchemsha huko kwa 300Tdi nakuzungumzia kwa uchungu, kwa sababu asilimia kubwa ya injini nilizozifungua zingeweza kuokolewa. Juu ya nyumba ya themostati kuna kifuniko cha plastiki, si kikubwa kuliko shilingi ya zamani. Plastiki inakauka kwa joto, inapasuka, maji yanatoka kidogo kidogo. Kuna vya shaba, bei yake haifiki chakula cha mchana cha mgeni mmoja. Badala ya kukibadilisha, fundi wa njiani anang’oa themostati kabisa na kujaza maji ya mtoni. Gari linapoa siku hiyo, dereva anafurahi. Maji yale hayana dawa ya kuzuia kutu, yanaanza kuila hedi kutoka ndani. Miezi ikipita gasketi inaungua, na mwenye gari anatangaza kwamba Land Rover ni mbovu.

Land Cruiser nayo inaumizwa na sifa yake, kwa njia iliyo kinyume. Kwa kuwa hailalamiki, haisikilizwi. Mwenye 110 anafungua boneti kila alfajiri kwa sababu anaiogopa. Mwenye Land Cruiser anapiga ufunguo na kuondoka. 1HZ ina belti ya taimingi, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kilomita zikitimia 100,000. Taa ile inaweza kuzimwa bila belti kuguswa, na imezimwa hivyo kwenye magari mengi yanayouzwa mitumba. Belti ikikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hakuna kirungu cha njano. Nawasihi wanunuzi: taa kutowaka si ushahidi. Fungua kifuniko uione belti kwa macho yako.

Tena, nyingi kati ya Land Cruiser za utalii tunazozisifu hapa si zile zilizotoka kiwandani. Ni pickup iliyokatwa hapa hapa Arusha, chesisi ikarefushwa, ikajengewa bodi ya viti saba na paa la kunyanyuka. Ni kazi ya mafundi wetu, na iliyo bora naionea fahari. Ukitaka kujua kama imefanywa vizuri, ingia chini uangalie bamba lililochomelewa kuimarisha maungio. Likiwa limekatwa wima, mzigo wote unasimama kwenye mstari mmoja wa kuchomelea, na ufa utaanzia hapo. Likiwa limekatwa mshazari, mzigo unagawanyika na chesisi inapumua. Gari likivunjika kwenye wima ule katikati ya Serengeti, watu watamlaumu Mjapani ambaye hakuwahi kuligusa. Na lisipovunjika, watamsifu Mjapani yule yule.

Swali langu la gari limeishi wapi linatoka huko chini pia. Vumbi la magadi la Natron, la Ndutu na la ndani ya kreta ya Ngorongoro ni chumvi, na chumvi ikipata unyevu inakula chuma. Ndiyo maana unakuta Land Rover inang’aa kwa nje, nami nikigonga chesisi kwa nyundo, hasa sehemu ya nyuma na miguu inayobeba bodi, sauti inarudi ikiwa imekufa, na mara nyingine nyundo inaingia. Gari lililozeekea Babati au Mbulu linaweza kuwa na sura mbaya na mifupa mizima. Mimi namshauri mtu achukue hilo.

Kuhusu Td5, injini ya Land Rover iliyokuja mwaka 1998 ikiwa na kompyuta, nitasema jambo moja. Oili hupenya kwenye waya wa nozeli na kusafiri kidogo kidogo mpaka kwenye plagi ya kompyuta iliyo chini ya kiti. Gari linaanza kukohoa, na watu wanabadilisha pampu, nozeli, hata kompyuta yenyewe. Dawa ni kusafisha plagi na kubadilisha kipande cha waya kilicho chini ya kifuniko cha valvu. Injini yenyewe ni ngumu. Ilikuja tu mahali ambapo hakuna aliyeandaliwa kuipokea.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, msafara ukajaza barabara za mji. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini siku zile za kabla ya tamasha, gereji za mji huu zilifanya kazi usiku. Na nyuma ya kila gereji kuna magofu ya magari ambayo hayakuwa kwenye msafara: moja limetoa difu, jingine milango, jingine giaboksi, ili moja litembee. Defender ya mwisho ya aina ile ilitoka Solihull Januari 2016, kwa hiyo magofu hayo ni ghala letu. Tukitazama yaliyobaki barabarani tunasema magari ya zamani yalikuwa imara. Yasiyobaki hayapo kutoa ushahidi wao.

Kwa hiyo yule wa Karatu namwambia anunue, kama chesisi ni nzima. Kisha aniachie gari kabla halijaenda kupigwa rangi: rejeta, mipira ya maji, belti, kile kifuniko cha shaba, oili ya difu zote mbili. Hayo yakikamilika anaweza kwenda Loliondo na familia yake.

Wenye kampuni za utalii nina ombi kwao. Wapeni madereva wenu muda wa kukaa chini ya gari msimu wa masika, wageni wanapopungua. Wavae ovaroli, wachomoe hafshafti kwa mikono yao, wafunge difu loki wakiwa hapa mjini na si mbele ya simba. Sitatoza mtu shilingi. Spana ninazo, na 109 ya kufundishia ipo.