Ngome za Majirani

Kazi ya kuongoza watalii niliiingia kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mchukuzi wa mizigo katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Mombasa, na kila wiki basi la hoteli lilishusha wageni Mji wa Kale. Asubuhi moja kiongozi wao hakutokea. Dereva akanitazama nilivyosimama na troli la mabegi, akasema, "Wewe si mtoto wa Kibokoni? Basi panda, ukawaonyeshe kwenu." Nikavua koti la hoteli, nikapanda.

Historia nilikuwa siijui. Nilichokuwa nacho ni babu. Babu mzaa mama alikuwa askari jela ndani ya Fort Jesus, maana ngome ile ya Wareno ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ndipo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kwa hiyo wageni walipouliza habari za mizinga, mimi nikawaonyesha mahali ulipopikwa uji wa wafungwa, pembe isiyofikwa na upepo wa kusi ambako watu walilala wakihema, na ukuta ambako babu alishika zamu ya usiku akiwasikia wavuvi wakiitana chini yake. Wazee wa Kijerumani walinyamaza kabisa. Bahashishi ya siku ile ilinifanya nifikirie upya habari ya mabegi.

Nilimwomba babu twende pamoja anionyeshe zaidi. Akakataa. "Mjukuu wangu, pale nimeingia bure miaka yote. Leo nilipe tiketi nikaangalie nini?" Mpaka anafariki hakuikanyaga tena. Yote alinieleza barazani, akichora sakafuni kwa ncha ya mkongojo: mlango huu hapa, kisima kile pale, maji yake ya chumvi, ya kuogea tu.

Vitabu vilikuja baadaye, nilipotafuta leseni. Nilisoma maandishi ya James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeifukua ngome ile, nikahifadhi tarehe kama mtoto wa chuoni: 1593 Wareno wanaanza kujenga, 1631 Sultani Yusuf bin Hassan anamuua kapteni wao na kuiteka ngome, 1698 Waomani wanaingia, 1837 Sayyid Said wa Oman anawatoa Wamazrui, watawala wa Mombasa. Ngome ilibadilisha mikono mara tisa kati ya 1631 na 1875. Ukimwambia mgeni mambo hayo yote kwa mfululizo, jua la saa tano likimpiga utosini, anachokumbuka akirudi kwao ni mifupa ya nyangumi iliyowekwa uani.

Wenzangu wengi hupenda kuanzia kwenye umbo. Ukiitazama kutoka angani, husema, ngome imelala kama mtu aliyenyoosha viungo vyake. Ni kweli, ndivyo alivyoichora Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kitaliano aliyefanya kazi kwa Wareno. Lakini mgeni wangu hakuja kwa helikopta, na adui wa ngome ile hakuja kwa helikopta. Mimi humpakia mashua kwanza, Bandari ya Kale, tukatoka hadi mlangoni pa bahari na kurudi. Hapo haelezwi kitu. Anaona mwenyewe kwamba ukuta umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kwamba hakuna chombo kinachoingia bandarini bila kupita mbele ya mizinga. Tukiingia ndani namwonyesha njia ya matao iliyochongwa kwenye mwamba kushukia baharini, ambayo chakula na risasi vilipitishwa. Anaelewa haraka kwamba ngome hii, ukiifungia upande wa bahari, umeiua.

Ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Waomani waliizingira mwezi Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Sisi shuleni tulifundishwa kwa sentensi moja: Waarabu waliwapiga Wareno. Mambo yalichanganyika zaidi ya hapo. Wareno ndani walikuwa wachache tangu mwanzo. Waliojaa mle ni watu wa pwani pamoja na wake zao na watoto. Msaada ulikuja kwa meli, na pamoja na msaada yakaja maradhi, yakaua kuliko risasi. Kufikia katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa karibu wamekwisha, na aliyebaki kushika amri ya ngome alikuwa Bwana Daud, mtu wa ukoo wa watawala wa Faza, katika kisiwa cha Pate. Kuta za Mreno zikawa zinalindwa na Waswahili, wanawake wakiwemo. Meli nyingine zilifika Septemba, na moja yao, Santo António de Tanna, ikazama chini ya ngome mwezi wa kumi. Wapiga mbizi walianza kuifukua mwaka 1977, na vyombo walivyovitoa unaviona leo ndani ya kabati za vioo.

Mgeni mwenye akili huuliza: huyu wa Faza alitafuta nini huku? Jibu lake liko kaskazini, mwendo wa siku kadhaa kwa tanga. Faza na mji wa Pate ziko kwenye kisiwa kimoja, unatoka huku kwa miguu ukafika kule, na zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Pate iliegemea Waomani. Basi Faza ikawa na Mreno.

Swali hilo ndilo lililonipa ziara yangu mwenyewe. Nilipoacha hoteli na kuanza kujitegemea, sikutaka tena kuuza nusu siku ya Mombasa. Nikaanza kuwapeleka wageni wachache wachache kutoka Fort Jesus hadi Lamu, kutoka Lamu hadi Pate, ngome kwa ngome, kisiwa kwa kisiwa. Zamani tulikwenda kwa basi, na miaka ya tisini toka Malindi kwenda juu basi lilisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa njiani. Siku hizi wengi hupanda ndege hadi uwanja wa Manda, wakavuka kwa boti. Wanafika mapema, lakini hawajui wamepita wapi.

Ngome ya Lamu haina makuu kwa sura. Ni sanduku la mawe lenye buruji, katikati ya mji, mbele yake uwanja ambao wazee hukaa chini ya miti wakicheza bao, na punda wakipita bila kuomba njia. Nayo ilikuwa jela, mpaka 1984. Hadithi yake nzuri haimo ndani, kwa hiyo huwapeleka wageni ufukweni Shela kwanza, jioni maji yakitoka. Mnamo 1812 hivi, jeshi la Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa lilishuka pwani ile likitaka kuitia Lamu adabu. Watu wa Lamu wakalivunja. Waliokimbilia mashua zao walizikuta zimepwelewa, zimekaa juu ya mchanga mkavu, bahari iko mbali. Waliuawa hapo hapo. Namwacha mgeni asimame kwenye mchanga ule, aone kwa macho jinsi maji yanavyoondoka na kuacha boti zimelala ubavu.

Na baada ya ushindi? Watu wa Lamu waliogopa kwamba jirani atarudi kulipa kisasi, wakamwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi. Akawaletea liwali na askari, na ngome ikamalizika karibu na 1821. Walimshinda jirani, wakampa mgeni funguo za nyumba. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama zile zile, alitunga mashairi juu ya ugomvi huo wa miji, na mpaka leo ukimpata mzee wa Lamu mwenye nafasi, na kahawa ipo, atakutolea hoja za upande wake kana kwamba vita viliisha juzi.

Kwenda Pate ndiko kulikonifunza adabu ya kazi hii. Mashua ya Lamu hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Wakala mmoja wa Nairobi aliwahi kunitumia ratiba: saa tatu kuondoka, saa sita chakula cha mchana Siyu, saa kumi kurudi. Nilimsomea nahodha wangu, mtu wa Kizingitini, aliyekuwa akishona tanga. Hakuinua kichwa. "Mwalimu, kesho maji mafu. Mkanda utapita na kitu gani?"

"Wageni wameshalipa, nahodha."

"Wamekulipa wewe. Bahari wameilipa lini?"

Tuliondoka alfajiri, kabla ya kahawa, wageni wamejifunga mataulo ya hoteli mabegani. Tulipofika Mkanda mikoko ilikuwa imeshaanza kuonyesha mizizi. Nahodha akazima injini, akashika pondo, akawa anaisukuma mashua taratibu huku mwanawe amesimama omoni akiita vina kwa sauti. Mama mmoja wa Kiskoti, mwalimu mstaafu, aliniuliza tukikwama itakuwaje. Nikamwambia tutakaa saa sita, tutakula maandazi. Akacheka, akasema kwao nako kuna ngome kisiwani ambazo bahari ndiyo mlinzi wa mlango. Hatukukwama, ila tulisugua mchanga mara kadhaa, na kila chombo kilipokwaruza chini, wageni wote waliinua miguu, kana kwamba hilo lingesaidia.

Siyu iko ndani ya hori jembamba lenye mikoko pande zote mbili. Ukipinda kona ya mwisho, ngome inajitokeza ghafla ukingoni mwa maji, kubwa kuliko unavyotarajia kwa mji mdogo hivyo, mizinga miwili mbele ya lango. Hapa sihitaji maneno mengi. Wameshasukumwa kwa pondo saa nzima. Wanajua jeshi lililokuja hapa lilikuwa na hali gani. Sayyid Said, aliyekuwa ameshaishika Zanzibar na ameshawatoa Wamazrui Mombasa, alipeleka askari dhidi ya Siyu miaka ya 1840, na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na watu wake wakawashinda. Mji huu haukuinama hadi 1863, enzi za Sayyid Majid.

Kinachowashangaza wageni ni kwamba wababe hao walikuwa mafundi. Siyu ilisifika kwa wanazuoni, kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, kwa useremala na kwa kazi ya ngozi. Fundi wa makubadhi ninayemtembelea hufanyia kazi kibarazani. Hukata ngozi kwa kisu kifupi bila kupima, akamwangalia mteja mguu mara moja tu, akaendelea kuzungumza na jirani. Nimeona wageni walioipita ngome kwa dakika kumi wakikaa kwake mpaka maji yanaanza kutoka na nahodha anapiga kelele. Siwalaumu. Kama ningeruhusiwa kubakisha kituo kimoja tu cha ziara nzima, ningefikiria sana kabla ya kuchagua ngome.

Miaka mibaya ilikuja, na sina mengi ya kuisemea. Mwaka 2011 watalii walitekwa huko Lamu, serikali za kwao zikawakataza watu wao kuja. Mwaka 2014 kukawa na mauaji ya Mpeketoni. Mwaka 2020 korona. Kila mara nilirudi kubeba mizigo, Marikiti badala ya hotelini, na kila mara kulikuwa na kampuni iliyofunga ofisi ikiwa na fedha zangu. Nahodha alirudi kuvua kamba.

Kilichonifaa wakati huo ni shule. Watoto wa ziara za masomo hawaachi bahashishi, lakini huja hata kama mabalozi wamekataza. Mwaka juzi waliletwa watoto kutoka kisiwa cha Pate, wengi wao mara ya kwanza kuiona Mombasa. Nikasema, leo nina wageni wenye ngome. Nikawapeleka moja kwa moja kwenye ukuta unaotazama bahari, nikawasimulia habari za Bwana Daud wa Faza kwa Kiswahili chetu, bila kutafsiri, bila kueleza Faza iko wapi. Msichana mmoja mwembamba aliyekaa mbele alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono.

"Kwa hivyo sisi watu wa Faza tulikuwa na Wareno?"

"Mlikuwa nao."

"Na wa Pate?"

"Walikuwa na Waomani. Nje ya ukuta."

Akageuka taratibu kumtazama mwenzake wa kando, ambaye nilikuja kujua ni mtoto wa Pate mjini. Wa Pate akasema ndiyo maana mlikufa njaa. Wa Faza akasema ngome tulishika sisi, nyinyi mlikaa nje mwapigwa na jua. Wengine wakaingia, kila mmoja upande wa kwao, na wa Siyu, ambao hawakutajwa kabisa, wakadai nao watajwe. Sauti zilipaa hadi mlinzi wa lango akaja kuchungulia. Mwalimu wao alinivuta pembeni kwa mkono.

"Mzee wangu, hawa usiku wa leo wanalala bweni moja. Sasa waniachia hivi hivi?"

Nikamwambia awape chakula kwanza, kisha awaulize ya Shela.