Meli zisizo na jina

Majaribio yameisha, kwa hiyo leo niachieni niongelee kitu ambacho hakitatoka kwenye mtihani wowote. Meli za vita. Sio zile manowari za kwenye sinema zenye mizinga mirefu na majina ya kifalme. Naongelea makuli wa vita vya pili vya dunia.

Zinaitwa LST. Kwa Kiingereza herufi hizo ni kifupi cha meli ya kushusha vifaru, ila mabaharia wenyewe walisema maana yake ni shabaha kubwa ya mwendo wa kobe. Na kweli: urefu mita 100, na ikikazana sana inakwenda maili 12 za baharini kwa saa.

Chukulia pantoni la Kigamboni, likuze, kisha liambie livuke bahari kuu huku likisubiriwa na mizinga ng'ambo. Mbele kuna milango miwili, ikifunguka daraja linashuka na vifaru vinatoka vyenyewe. Tumbo lake ni bapa kama sinia ili liweze kupanda mchangani. Ikiwa safarini wanajaza maji kwenye matangi ili itulie, ikikaribia ufukwe wanayatoa ili ielee juu. Kabla haijagusa mchanga wanadondosha nanga ya nyuma, wakimaliza kushusha wanavuta waya wake, meli inajinasua. Akili hiyo bwana!

Ila tumbo bapa lina gharama yake. Bahari ikichafuka kidogo tu meli inayumba kama mlevi. Chini kuna magari yaliyofungwa minyororo na harufu ya dizeli, pembeni wanajeshi wamelala kwenye vitanda vya kupandana, na matapishi ndo usiseme.

Mabaharia walikuwa mia na ushee kwa kila meli, wengi vijana wa rika letu, na wengine hawakuwahi kuona bahari. Hata meli zenyewe nyingi zilizaliwa bara, Evansville kule Indiana na Seneca kule Illinois, zikateremka mtoni mpaka New Orleans. Marekani iliunda zaidi ya 1,000. Hazikupewa majina, namba tu. Sisi tunaojulikana kwa namba za usajili tunaelewa!

Sasa sikia hii. Usiku wa Aprili 28, 1944, LST 8 zilikuwa kwenye mazoezi kusini mwa Uingereza, kujiandaa na Normandy. Boti za Wajerumani zenye kasi zikazivamia kwa torpedo. Msindikizaji alikuwa mmoja tu, na kwa kosa la uchapaji meli zilipewa masafa ya redio yasiyo sahihi, hivyo hazikusikia onyo. LST-507 na LST-531 zikazama. Wengi walifunga maboya yao kiunoni badala ya kwapani. Walipoingia majini wakiwa na mizigo mgongoni, maboya yakawapindua vichwa chini. Walikufa 749 hivi, kuliko waliouawa ufukwe wa Utah siku yenyewe ya uvamizi. LST-515 ndo iligeuza ikarudi gizani kuokota watu. Walionusurika wakaamriwa wafunge midomo.

Wiki tano na ushee baadaye, Juni 6, meli za aina ileile zikaenda Normandy. Zikashusha vifaru, na zikirudi zinabeba majeruhi, jumla zaidi ya 41,000. Uvamizi wa kusini mwa Ufaransa ulisogezwa mpaka Agosti 15, na sababu kubwa ni kwamba hazikutosha. Yaani majenerali wenye nyota mabegani walikaa wakisubiri makuli!

Ndo maana naipenda stori ya LST-325. Ilikuwepo Normandy, baadaye ikatumiwa na jeshi la majini la Ugiriki. Mwaka 2000 wazee wastaafu wa Kimarekani, wastani wa umri miaka 72, wakaifuata huko, wakaitengeneza wenyewe na kuivusha Atlantiki. Januari 2001 wakatia nanga Mobile, Alabama. Leo ni makumbusho, ipo Evansville.

Watu walishaambiwa wako wazimu. Mi naona hawakuwa wazimu hata kidogo. Walikuwa wamemfuata mwenzao, hata kama jina lake ni namba.

Haya, nakimbilia kantini kabla maharage hayajaisha. Maoni ruksa.