Diski na Jibini

Nilinunua Diary of a Wimpy Kid kwa muuza vitabu wa barabarani, Nairobi, iwe zawadi ya mpwa wangu. Nikaifungua kwenye matatu. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa kando yangu akavuta mkoba wake karibu.

Kitabu hicho cha Jeff Kinney, kilichotoka mwaka 2007, ni shajara ya Greg, kijana wa Marekani ambaye shida yake kubwa ni kutoaibika shuleni. Huko kwao kuna kipande cha jibini kimeozea uwanjani. Ukikigusa, umeisha. Kila mtu anakukimbia hadi umguse mwingine, umwachie mkosi.

Mimi jibini niliijua ukubwani. Nuu tulikula muthokoi. Lakini mkosi huo niliujua vizuri. Sisi tuliuita diski.

Kilikuwa kibao chenye kamba. Ukinaswa ukiongea Kikamba shuleni, unavishwa. Basi unazunguka ukitega sikio, hadi mwenzako ateleze, umvishe. Atakayebaki nacho jioni anakula viboko.

Siku moja, darasa la nne, mbuzi aliingia darasani. Wenzangu wote walikumbuka Kiingereza. Mimi nikapiga kelele, “Mbui!” Diski ikawa yangu.

Mapumziko yote nilikaa peke yangu. Hata rafiki yangu wa kwenda naye mtoni kuchota maji alinipita kimya, mkono mdomoni. Nikaona jua linashuka, na matako yangu hayana mtetezi.

Kengele ya mwisho ikikaribia, nilimvizia nyuma ya madarasa. Nikajiangusha, nikashika mguu, nikalia kama umevunjika. Alikuja mbio, akapiga magoti, akaniuliza kwa Kikamba, “Umeumia?”

Nikamvisha.

Alichapwa yeye, kwa kosa la kunihurumia. Mimi nilienda nyumbani nikirukaruka, mguu mzima kabisa.

Mwishoni mwa kitabu, Greg anajitwika aibu ya jibini ili kumfichia siri rafiki yake Rowley. Hapo niliacha kucheka. Greg ni mchoyo, mwongo na mvivu, lakini hapo alinishinda.

Juzi nilimpigia yule rafiki. Tuliongea Kikamba karibu saa nzima: mvua, mahindi, watoto. Nilitafuta pa kuingiza msamaha, nikakosa. Tukaagana. Kabla hajakata simu, akauliza:

“Na ule mguu, ulipona?”