Mantabali ya Sinia, Pizza ya Mtu Mmoja

Kendwa hakuoti ngano. Ncha ya kaskazini ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye udongo haba juu yake. Hapo huota muhogo, mtama, kunde na minazi. Mvulana aliyezaliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikulia muhogo wa nazi kwa samaki, na mkate aliokuwa akiuona nyumbani ni mofa wa mtama. Mkate wa unga mweupe ulikuwa mambo ya mjini, na mjini palikuwa umbali wa kilomita 60 hivi, safari ya kukaa kwenye benchi ndani ya gari lenye bodi la mbao, magoti yakigongana na makapu ya samaki.

Hata huko mjini ngano haikuwa na uhakika, kwa sababu yote huja kwa meli. Katika miaka hiyo serikali ya Mzee Karume ilibana uagizaji wa chakula kutoka nje. Mchele, unga na sukari viligawiwa kwa kipimo, na watu walipanga foleni. Kwa hiyo bwana huyu wa Kendwa, ambaye leo ana mvi na sehemu kubwa ya umri wake ameimalizia kwenye majiko ya hoteli, hakuonja mantabali mpaka alipokuwa kijana, katikati ya miaka ya 1980, wakati Ali Hassan Mwinyi alipokwisha kulegeza biashara na maduka ya Darajani kuanza kujaa tena.

Aliionja Michenzani, katika zile ghorofa ndefu zilizoanza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Shangazi yake alikuwa akikaa humo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na kijana alitumwa kupeleka pweza mkavu na nazi. Shangazi akamzuia asirudi: "Hebu kaa ufuturu, mwanangu. Shamba hakupikwi hichi."

Alichokipika kinafaa kuelezwa kwa kituo, kwa sababu kila kitu kilichofuata ni mabadiliko ya hicho. Unga ulikandwa kwa chumvi na maji ya vuguvugu mpaka ukalainika, ukakatwa madonge, yakapakwa mafuta na kufunikwa kitambaa kwa muda mrefu. Kima ilichemshwa kwa thomu, tangawizi, ndimu, pilipili manga na uzile mpaka ikakauka kabisa, isibaki hata tone la mchuzi. Vitunguu maji vilikatwa vidogo vidogo, vikafikichwa kwa chumvi na kukamuliwa. Shangazi alikuwa mkali mno kwenye hilo la kukamua. Mayai yalipigwa pamoja na kotmiri, yakachanganywa na kima na vitunguu. Ndipo donge likatandwa juu ya ubao uliopakwa mafuta, likavutwa kwa vidole mpaka rangi ya ubao ikaonekana chini yake. Mchanganyiko ukamiminwa katikati, pembe nne zikakunjwa, na mkate ukawekwa kwenye chuma juu ya makaa ya wastani, samli ikipitishwa pembeni. Ulipoiva ulikatwa vipande vya mraba, ukapangwa kwenye sinia, na watu wa nyumba nzima wakala kwa sinia hiyo moja.

Sinia ndilo jambo. Mantabali haikupikwa kwa ajili ya mtu.

Ukoo wa mkate huu ni mpana kuliko kisiwa. Makka na Jedda huuita mutabbaq, na mahujaji wengi wa pwani yetu wamewahi kuula wakiwa Hijazi. Mombasa wana mkate wa mayai, ndugu wa karibu kabisa. Ukivuka Bahari ya Hindi unaukuta tena Malaysia, Indonesia na Singapore. Katika mtaa wa North Bridge Road, mkabala na Msikiti wa Sultani wa Singapore, mgahawa wa Zam Zam umekuwa ukiuza murtabak tangu mwaka 1908. Wachina nao hufunga nyama ndani ya unga kwa namna nyingine: wanauumua kwa hamira na kuupika kwa mvuke. Wote wanatafuta kitu kimoja, nyama iliyofichwa ndani ya unga ili utamu wake usitoroke. Ndiyo maana malalamiko ya kwamba Wazanzibari "wameharibu" mantabali yanahitaji kupokewa kwa tahadhari. Mkate uliosafiri kiasi hicho haujawahi kukaa na umbo moja.

Walakini ulibadilika, na mahali ulipobadilikia panajulikana. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936, Sayyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake. Iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, bahari ikiwa upande wa pili. Kwa miaka mingi ilikuwa pahala pa watu wa mjini kupunga upepo jioni na kula mishkaki, muhogo wa kuchoma na pweza, wakishushia juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu. Halafu wageni wakaanza kumiminika. Mwaka 1985 visiwa vilipokea watalii wapatao 19,000 tu. Mwaka 2019 walifika zaidi ya 538,000. Mgeni anayepita mezani peke yake na fedha mkononi hawezi kuuziwa sinia.

Hapo ndipo mantabali ilipogeuka ikawa ya mtu mmoja, na mengine yote yakafuata. Donge likawa dogo, la kutosha sahani moja ya karatasi. Kwa kuwa mkate unapikwa mteja amesimama, hakuna muda wa kukamua vitunguu wala wa kuchanganya kila kitu mapema, kwa hiyo vitu vikapangwa katika mabakuli juu ya meza, kila mtu achague. Unga mwembamba ulichanika kwa uzito wa tungule na pilipili boga mbichi, ndipo wapishi wakaanza kuweka kipande kidogo cha donge katikati kama kiraka kabla ya kutia nyama. Yai, lililokuwa nguzo, likabaki moja, likivunjwa na kukorogwa papo hapo juu ya unga. Pengo lake likazibwa kwa jibini laini ya pembe tatu, ile ya kufunguliwa kwenye karatasi ya fedha, na kijiko cha mayonezi. Jina nalo likawa pizza, maana mgeni analielewa kabla hajauliza. Unga haukuwa tabu tena: ngano ya Azam ya Bakhresa, Mzanzibari aliyeanzia kwenye mgahawa Dar es Salaam, ilikuwa imejaa kila duka.

Bwana wa Kendwa aliyatazama hayo kwa karibu kwa sababu ya kazi. Katikati ya miaka ya 1990 ufukwe wa kijiji chao, ambao maji yake hayakimbii mbali wakati wa kupwa kama upande wa mashariki, ulianza kupata vibanda vya wageni, kisha hoteli. Leo watu huijua Kendwa kwa Kendwa Rocks na sherehe zake za mwezi mpevu. Yeye alipata kazi ya kukata vitunguu katika jiko la hoteli moja, na haukupita muda wageni wakaanza kuulizia ile pizza waliyoila mjini. Wataliano walikuwa wengi. Kuwauzia Wataliano pizza ya kukaanga yenye mayonezi kunahitaji ujasiri, lakini wao ndio waliokuwa wakiagiza ya pili.

Mkubwa wa jiko akamtuma mjini akajifunze. Hivyo ndivyo alivyoanza kuisaka iliyo bora, na msako haukwisha hata kazi ilipokwisha. Tatizo la kwanza lilikuwa usafiri. Daladala namba 116 hupita Mahonda na Kinyasini kwenda Nungwi, lakini usiku huadimika, nayo meza za Forodhani hazichangamki mpaka baada ya magharibi. Anayetoka shamba kwenda kula pizza hana budi kulala mjini. Alilala Michenzani, na kila aliporudi usiku shangazi alimsubiri kwa swali moja: "Vitunguu wamevikamua?"

Polepole akapata vipimo vyake. Hatazami meza yenye foleni ndefu, kwa sababu foleni humfanya mpishi akoleze makaa, na moto mkali huunguza unga nje huku yai likiwa bichi ndani. Hutazama bakuli la vitunguu: vikielea kwenye maji yao wenyewe, anapita. Hutazama kima kama ni kavu au inang'aa kwa mafuta. Husikiliza mpishi anavyolichapa donge ubaoni. Na akishapewa, huanza kula katikati, kwenye kile kiraka, maana pembeni hata mpishi mbaya hupatia. Jibini haimkeri, anasema inaishika nyama vizuri. Mayonezi ndiyo asiyoisamehe. Za chokoleti na ndizi anaziona ni chakula kingine kabisa ambacho kimeazima chuma tu, na hapo ni vigumu kumpinga.

Mwaka 2008 bustani ilifungwa ili itengenezwe upya na mfuko wa Aga Khan unaoshughulikia utamaduni, na wauzaji wakaondoshwa kwa muda. Ilifunguliwa mwishoni mwa Julai 2009 ikiwa na njia mpya za kutembelea, taa, majani na wapishi waliovaa kofia ndefu nyeupe. Watu wa mjini waliisifu na kuinung'unikia kwa pumzi moja: pamekuwa pasafi, pamekuwa pa wageni.

Taa zile mpya hazikudumu. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Hoteli zilinguruma kwa majenereta, nyumba zikarudia kandili, visima vikakosa pampu. Forodhani makaa yaliwaka vilevile, kwani mantabali haijawahi kuhitaji waya. Kilichobadilika ni nyama. Majokofu yalikuwa yamezima, hivyo kima ya jana haikuwepo: mpishi alilazimika kununua nyama ya siku hiyo katika soko la Darajani, lile lililojengwa mwaka 1904, na kuipika yote jioni ileile. Wageni walipungua, foleni ikafupika, moto ukatulia. Bwana wa Kendwa anashikilia kuwa pizza bora kabisa aliyowahi kula Forodhani aliila msimu ule, kwa mwanga wa karabai, na aliyeipika alikuwa akilalamika muda wote kuwa biashara imekufa. Ushahidi wake ni ulimi wake mwenyewe, lakini sababu anazozitaja ni za jikoni, nazo zinaingia akilini.

Uviko ulileta kitu kinachofanana na hicho. Ndege zilisimama, na mwaka 2020 watalii waliofika walikuwa 260,000 hivi, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Wenyeji walikaa tena kwenye kingo za bustani na bei zikashuka. Haikudumu. Mwaka 2023 idadi ilipita 638,000.

Siku hizi hakuna haja ya kwenda mjini. Pizza ya Zanzibar inapikwa Nungwi, Paje, hata katika vijiwe vya Dar es Salaam. Kendwa yenyewe ina meza zake kando ya njia ya kuteremkia pwani, na vijana wanaozimiliki wamejibandika majina ya kuchekesha ili mgeni awakumbuke. Ukimuuliza bwana huyu iliyo bora iko wapi, anatoa majibu mawili. Forodhani, nenda katikati ya wiki, baada ya isha, umtafute anayekata vitunguu vyake mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani usiende kabisa Forodhani. Zunguka mitaa ya Ng'ambo baada ya alasiri, ambako wanawake hutandaza futari barazani mwa nyumba zao, ununue kipande cha mraba kilichokatwa kutoka kwenye mkate mkubwa.

Mmoja wa vijana wa meza za Kendwa ni mtoto wa ndugu yake. Mchana na usiku huuza za wageni, jibini, mayonezi na vyote. Lakini tangu miaka ya karibuni watu wa kijijini humpigia simu kuagiza kubwa za futari au za shughuli, bila jibini, za kuliwa na watu sita au saba. Ami yake humsimamia siku hizo, na siku hizo huwa za ugomvi.

"Mayai manane, ami? Kwa bei hii hii?"

"Pandisha bei."

"Hawa ni jirani zetu, watasema tumewageuza wazungu."

"Basi punguza kima. Mayai usiguse."

Kijana akapunguza mayai mawili ami alipokwenda kuswali, na mteja hakusema kitu. Bei mpaka sasa hawajakubaliana.