Kiungo Kinachoachiwa Nafasi



Juma hili parokia yetu imepokea shehena ya nguzo na fito za plastiki kwa ajili ya uzio wa shule ya chekechea. Ni zile zitengenezwazo kwa taka za plastiki zilizoyeyushwa, ambazo siku hizi hupatikana Kenya na hapa kwetu Tanzania. Mchwa hawazili, mvua haiziozeshi, wala hakuna atakayezing'oa usiku akapikie. Jumatano fundi alitujia na bisibisi mkononi, akauliza: "Baba Paroko, fito hizi tuzikaze moja kwa moja kwenye nguzo?"

Tulinyamaza kitambo. Swali hilo tuliwahi kulijibu zamani, tukalijibu vibaya, na jibu letu nusura ligharimu uhai wa mtoto.

Ilikuwa mwaka 2016, tulipokuwa tumetumwa kuhudumu katika parokia moja ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Huko nyumba nyingi huzungushiwa uzio mweupe ambao kwa mbali ungedhani ni mbao zilizopakwa rangi. Kumbe ni plastiki ngumu ya PVC, jamaa ya ile ya mabomba yetu ya maji. Nguzo zake ni za mraba na wazi ndani, upana wake kama sentimita 12 na nusu. Ubavuni zimetobolewa matundu, na fito za kulala, nazo zikiwa wazi ndani, huingizwa humo. Katika nguzo ya katikati fito mbili hukutana ndani kwa ndani, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia, na mtazamaji wa nje haoni kitu.

Uwanja wa kuchezea watoto wa chekechea ya parokia ulipakana na barabara, nasi tukaamua kuuzungushia uzio wa namna hiyo kwa nguvu za waamini wenyewe. Mwezi Julai, siku ya joto la nyuzi 34, walikuja wanaume na wanawake kama ishirini. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, fundi mstaafu wa ujenzi, mtu wa maneno machache. Alileta koleo la ajabu kidogo: ukiubana mwisho wa ufito kwa koleo hilo, linakata na kuinua kijino kidogo cha plastiki. Ufito ukishaingia tunduni, kijino hicho hufyatuka ndani ya nguzo na kuuzuia usichomoke. Hakuna gundi, hakuna parafujo.

Tulipoutikisa ufito wa kwanza, ulicheza. Ulikwenda mbele na nyuma kidogo ndani ya nguzo, nasi hatukupendezwa. Tumezaliwa katika nyumba ya seremala. Marehemu baba yetu alitufundisha kwamba kiungo kinachocheza ni aibu ya fundi. Ulimi uingie tunduni kwa kugongwa, na ukiingia usitoke. Tukamwambia mzee kwamba tunataka kila ufito upigwe parafujo pande zote mbili, zipenye ukuta wa nguzo na ufito wenyewe. Akajibu kwa upole: "Padre, kitu hiki hutembea." Tukatabasamu, tukadhani anatania. Alirudia mara moja tu, kisha akaona watu wanatusikiliza sisi kuliko yeye. Akaweka koleo lake mfukoni, akaanza kupiga parafujo kama tulivyoagiza. Jioni uzio ulikuwa imara kama ukuta, nasi tukaupiga teke mbele ya watu ili kuwaonyesha.

Hatukujua jambo ambalo yeye alilijua kwa miaka mingi ya kazi. Mbao nazo hutembea, lakini kwa namna yake. Hufura kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, na mwendo huo huwa katika upana wake. Kwa urefu ubao hubadilika kidogo sana. Kwa hiyo baba yetu alikuwa sahihi kwa mbao zake. Plastiki ya PVC hufuata joto, na hubadilika kwa urefu wake wote. Ufito wa mita 2 na sentimita 40, ukitoka kwenye joto la Julai hadi baridi ya Januari ya nyuzi 25 chini ya sifuri, hufupika kwa milimita 8 hivi. Ni kidogo, upana wa kidole chembamba. Lakini ukiwa umefungwa kwa parafujo huku na huku, ufito hauna mahali pa kuitoa hiyo milimita 8, isipokuwa kwa kujirarua wenyewe. Na baridi hiyo hiyo inayoufupisha ndiyo inayoifanya plastiki iwe kavu na rahisi kupasuka.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika baridi ya Januari 2017 fito kadhaa zilipasuka ndani ya nguzo, pale pale zilipotobolewa na parafujo zetu. Kwa nje hapakuonekana kitu, na theluji ilikuwa imefunika sehemu ya chini. Mwezi Februari zikaja siku za joto lisilo la kawaida, watoto wakatolewa nje kucheza. Mtoto wa miaka minne aliegemea uzio, ufito ukachomoka, naye akapita. Alikuwa amekwisha kufika ukingo wa barabara wakati mama wa mtoto mwingine, aliyekuwa akishuka garini, alipomdaka kwa kofia ya koti lake. Gari lilipita.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa wazazi wa mtoto yule. Mama yake hakutulaumu. Alituandalia chai, na chai ile ilikuwa chungu kuliko lawama. Tulipotoka hapo tukaenda kwa yule mzee. Tulikuwa tumejiandalia maneno mengi njiani, lakini tulipofika mlangoni yakabaki machache: "Ulituambia, nasi hatukukusikia." Naye akasema kwamba kosa lilikuwa la wote wawili, maana alijua na bado akapiga parafujo. Wapendwa, neno hilo halijatutoka hadi leo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuonya kwamba mara nyingine guu linalotaka kuvunjika huwa la mtoto wa mwenzio.

Theluji ilipoyeyuka tuliurudia uzio, safari hii mzee akiwa msimamizi na sisi vibarua. Alitufundisha kuchonga vijino. Alitufundisha kuacha nafasi kati ya fito mbili zinazokutana ndani ya nguzo, tena nafasi hiyo isiwe moja siku zote. Ukifunga siku ya joto kali, ufito umekwisha kurefuka, acha nafasi ndogo. Ukifunga siku ya baridi, acha kubwa zaidi, maana bado utarefuka. Ufito wa chini alitaka utobolewe matundu madogo ya kutolea maji, yasije yakaganda ndani na kuupasua. Na ufito uingie nguzoni kwa kina cha kutosha, hata unapokuwa mfupi kabisa usichomoke.

Lakini tulipofika kwenye nguzo ya lango alibadilika. Hapo alituamuru tutie nondo na zege ndani ya nguzo hadi juu, na bawaba zikakazwa bila huruma. Tulipomuuliza sababu, alisema lango huning'inia siku zote upande mmoja, na kinachobeba mzigo wa namna hiyo hakiruhusiwi kuyumba. Basi hakuwa mtu wa kulegeza kila kitu. Alijua ni wapi pa kukaza na ni wapi pa kuacha nafasi, na huo ndio ufundi wenyewe.

Tangu hapo, tunapoketi na wanandoa waliochokana, au na mzazi anayelalamika kwamba kijana wake amekuwa mgeni nyumbani, hukumbuka kile kijino. Mara nyingi hatukuti kwamba watu hawa hawakufungwa vya kutosha. Tunakuta wamefungwa siku ya joto, siku ya furaha, kana kwamba hali ya hewa haitabadilika kamwe. Na kijino si ulegevu. Ufito wenye kijino huenda na kurudi majira yote, wala hautoki nguzoni. Hata sisi mapadre tunayo parafujo zetu: kanuni ya kamati, ratiba ya kwaya, neno letu la mwisho katika kila kikao. Huonekana imara siku ya kuzipiga, nasi huzipiga teke mbele ya watu.

Kwa hiyo fundi wetu wa Jumatano tulimjibu hivi. Plastiki hii iliyorejelezwa hutembea hata kuliko ile ya Minnesota. Kwetu hakuna theluji, lakini jua la mchana na ubaridi wa alfajiri hutosha kuisogeza. Hizi hazina uwazi ndani wala vijino, ni lazima zifungwe kwa parafujo; basi tundu la kwenye ufito litobolewe pana kuliko parafujo, iwekwe washa pana chini ya kichwa chake, ikazwe hadi ishike, isikandamize. Na ncha za fito zisigusane.

Fundi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba ndivyo alivyokuwa akitaka kupendekeza, ila alitaka kwanza kujua Baba Paroko anasemaje. Tukacheka, lakini moyoni tulishtuka. Laiti tungalijibu "kaza", angalikaza.

Kazi ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, baada ya Misa. Mwenye nyundo na aje nayo, mwenye maoni na aje nayo pia, na ayaseme mara mbili. Sisi tutakuwapo, kushika nguzo isimame wima wakati wengine wakipima.